Chipukizi wa raga Kwale wahitaji cheti kabla ya jezi

KIJANA aliyezaliwa Msambweni au Vanga mwaka wa 2008 ana fursa ya kuichezea Chipu, timu ya taifa ya raga ya wachezaji wasiozidi umri wa miaka 20, hadi mwishoni mwa mwaka wa 2028. Baada ya hapo, mlango huo hufungwa na haufunguliwi tena. Swali ambalo wapenzi wa mchezo huu katika Kaunti ya Kwale wanastahili kujiuliza ni hili: atakapotakiwa kuthibitisha alizaliwa lini na wapi, atatoa nini?

Chipu si timu ya kubezwa. Aprili 2019, vijana hao waliilaza Namibia 21-18 jijini Nairobi na kutwaa Kombe la Barthes, taji la Afrika la umri huo. Ushindi huo uliwapeleka Brazil mwezi Julai kushiriki mashindano ya dunia ya daraja la pili. Kenya iliwahi kuwa mwenyeji wa mashindano hayo ya dunia mwaka wa 2009, na ikawa mwenyeji tena mwaka wa 2023. Kwa hivyo, anayeitwa kambini hujipatia nafasi ya kuonekana na ulimwengu, na pengine ufadhili wa masomo au kandarasi.

Kanuni zasemaje?

Kanuni ya nane ya World Rugby, shirikisho linalosimamia mchezo huu duniani, ndiyo huamua nani anastahili kuwakilisha nchi gani. Mchezaji hustahili ikiwa alizaliwa katika nchi hiyo, au ikiwa mzazi wake mmoja, babu au nyanya yake alizaliwa huko. Asiye na nasaba hiyo hutakiwa awe amesajiliwa na shirikisho la nchi hiyo pekee kwa miezi 60 mfululizo, au awe ameishi nchini humo miaka 10 kwa jumla. Zamani muda wa ukaazi ulikuwa miezi 36 tu, lakini uliongezwa ili kuzuia mataifa tajiri kunyakua vipaji vya wengine.

Jambo ambalo wengi hawalifahamu ni kwamba kanuni hiyo haidai uraia. Hudai mahali pa kuzaliwa, nasaba, usajili au ukaazi. Aidha, tangu Januari 2018, timu za umri wa chini ya miaka 20 haziwezi kuteuliwa kuwa timu ya pili ya taifa. Maana yake ni kwamba kijana anayevaa jezi ya Chipu hajajifunga maisha. Angali na uhuru wa kuchagua nchi nyingine ikiwa nasaba yake inamruhusu.

Kwa watu wa Pwani Kusini, kanuni hizi zina uzito wa pekee. Mpaka wa Lunga Lunga ulichorwa na wakoloni katikati ya jamii moja. Wadigo wako Kwale na wako Tanga. Kijana aliyezaliwa upande wa Tanzania, ambaye nyanya yake alizaliwa Vanga, anastahili kuichezea Kenya bila kuvunja sheria yoyote. Na aliyezaliwa Kwale kwa nyanya wa Tanga anaweza kuichezea Tanzania. Kwenye karatasi, nafasi ni pana kuliko wengi wanavyodhani.

Tatizo la karatasi

Hata hivyo, haki isiyoweza kuthibitishwa ni sawa na haki isiyokuwepo. Wamakonde, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, waliishi Kwale kwa miongo mingi bila vitambulisho. Oktoba 2016 walifunga safari ya miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi kudai haki yao, ndipo serikali ikaagiza wasajiliwe kuwa raia. Wapemba, ambao wengi wao ni wavuvi wa vijiji vya pwani hii, walisubiri hadi mwaka wa 2023.

Hebu tupige hesabu. Mtoto wa Kipemba aliyezaliwa mwaka wa 2008 alikuwa na umri wa miaka 15 jamii yake ilipotambuliwa. Kwa kanuni za raga alikuwa Mkenya kamili tangu siku aliyozaliwa, kwa sababu alizaliwa katika ardhi ya Kenya. Kwa kanuni za ofisi za serikali hakuwa mtu wa popote. Asiye na cheti cha kuzaliwa hawezi kupata pasipoti, na asiye na pasipoti hawezi kuabiri ndege kwenda Brazil. Michezo ya Olimpiki, ambako Kenya imeshiriki raga ya wachezaji saba kila upande tangu mwaka wa 2016, hudai uraia waziwazi.

Wala tatizo hili si la jamii hizo mbili pekee. Mtoto aliyezaliwa nyumbani huko ndani Kinango, wazazi wakachelewa kumsajili kwa zaidi ya miezi sita, huingia katika utaratibu mrefu wa usajili wa kuchelewa. Wakati huo huo, kijana aliyezaliwa Uingereza kwa nyanya Mkenya huenda akakusanya vyeti vyake vyote kwa siku chache. Wote wawili wanastahili sawa kikanuni, ila mmoja ana faili na mwingine hana. Wahenga walinena kuwa chanda chema huvikwa pete, lakini katika zama hizi chanda kisichoandikwa popote hakivikwi chochote.

Umri si mzaha

Wapo wanaoona masharti ya vyeti kuwa usumbufu wa bure. Hawa wanakosea. Raga ni mchezo wa kugongana miili. Mtu mzima wa miaka 23 anayejifanya mwanafunzi wa miaka 17 hamnyang'anyi mwenzake nafasi tu. Anaweza kumvunja shingo. Ndiyo maana sheria za mchezo kwa walio chini ya miaka 19 huzuia skramu kusukumwa zaidi ya mita moja na nusu, na kila kipindi huchezwa kwa dakika 35 badala ya 40. Tahadhari hizo hazina maana ikiwa umri wenyewe ni wa kubuni.

Dawa, basi, si kulegeza masharti. Dawa ni kuhakikisha kila mtoto anaweza kuyatimiza.

Ngazi ya kupandia

Cheti kikipatikana, inabaki ngazi ya kupandia. Shule za upili ndizo kitalu kikuu cha raga nchini, kupitia mashindano yanayoanzia kaunti ndogo hadi kitaifa. Lakini Pwani ni ngome ya kandanda, na mwanafunzi wa Kwale anayetaka mechi ngumu za raga mara nyingi hulazimika kuvuka kwenda Mombasa. Akimaliza shule, ana klabu ya South Coast Pirates kule Diani. Zaidi ya hapo, vigogo wa Kombe la Kenya wengi wako Nairobi, Nakuru na Kakamega, mamia ya kilomita kutoka nyumbani kwao.

Mtaala mpya umeleta tumaini. Kundi la kwanza la wanafunzi wa sekondari ya juu lilichagua mikondo mwaka wa 2025, na mmojawapo ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Lakini si kila shule hutoa mikondo yote mitatu, na mkondo wa michezo usio na uwanja wala mkufunzi ni jina tu.

Katiba ya 2010 imezipa kaunti jukumu la michezo na viwanja, huku usajili wa watu ukibaki mikononi mwa Serikali Kuu. Kijana wa Kwale amesimama katikati ya ofisi hizo mbili. Kaunti igharamie usafiri na viwanja. Msajili apeleke maafisa wake shuleni, Vanga, Majoreni na Kinango, kabla ya msimu wa michezo kuanza, wala si baada ya majina kutangazwa. Nalo Shirikisho la Raga Kenya liandae majaribio Pwani na kutangaza mapema stakabadhi zinazohitajika, ili mzazi apate muda wa kuzitafuta.

Samaki mkunje angali mbichi. Kijana wa 2008 amebakiza muda mfupi. Anayemfuata, wa 2012, angali darasani, na bado kuna nafasi ya kumwandalia karatasi zake kabla hajatimiza umri wa kuitwa.