Mwavuli wa Droni Usingoje Amri

Mwambao wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Magara na Minago hadi Rumonge na Nyanza-Lac, ni sehemu ambayo ndege ndogo zisizo na rubani, yaani droni, zaweza kuifanyia kazi ya maana. Zaweza kumtafuta mvuvi ambaye mtumbwi wake umepinduliwa na dhoruba. Zaweza kupima eneo lililovamiwa na maji, kama ilivyokuwa mwaka 2024 ziwa lilipopanda na kuingia katika nyumba za watu. Zaweza pia kupeleka damu na dawa mahali ambapo barabara imekatwa na maporomoko ya udongo. Majirani wetu wamekwisha kuonyesha njia. Rwanda ilianza mwaka 2016 kupeleka damu hospitalini kwa droni kutoka Muhanga. Nchini Tanzania, katika majaribio yaliyotangazwa mwaka 2018, dawa zilipelekwa kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe, safari ya kilometa 60 juu ya Ziwa Victoria, kwa muda wa dakika 40.

Faida hizo hazina ubishi. Lakini kila kinachopaa hakina budi kushuka, na leo tunazungumzia siku ile ambapo droni itashuka pasipo kutumwa. Msimamo wetu ni huu: droni yoyote itakayoruka juu ya vichwa vya wananchi wa mwambao huu haina budi kuwa na mwavuli wa angani, yaani parachuti, na mwavuli huo lazima ujifungue wenyewe, bila kungoja amri ya mtu.

Hesabu yake ni nyepesi. Droni ikizimika mita 60 juu ya soko, itafika chini kwa muda wa sekunde 3 na nusu hivi. Tukiacha ukinzani wa hewa, ambao huipunguza kasi kidogo, itapiga ardhi kwa mwendo wa kilometa zipatazo 120 kwa saa. Hakuna dereva wa lori ambaye angeachwa apite kwa mwendo huo katikati ya mji wa Rumonge. Sasa tumfikirie mwongozaji aliye chini. Yampasa aone kwamba mambo yameharibika, aamini alichokiona, aamue, kisha abonyeze kitufe. Sekunde 2 zikipita, chombo kimekwisha kushuka mita 20. Zikipita 3, kimeshuka mita 44, na mwavuli nao wahitaji nafasi ili ujae hewa. Hivyo basi, kitufe peke yake si kinga.

Kwetu sisi wanajeshi jambo hili si geni. Askari wa miamvuli warukapo kwa pamoja, hawaachiwi kuchagua saa ya kufungua miamvuli yao; kamba iliyofungwa ndani ya ndege huivuta na kuifungua. Na kwa mwenye kuruka kutoka juu sana kipo kifaa kidogo kinachopima mgandamizo wa hewa na kufungua mwavuli wa akiba, hata kama mwenyewe amezimia. Haya hayakubuniwa kwa kuwa askari ni mwoga. Yalibuniwa kwa kuwa mshangao huiba sekunde za mtu, hata akiwa hodari namna gani.

Kifaa cha droni hufuata busara hiyo hiyo. Ndani yake mna vipimo vya kasi, vya mlalo na vya mgandamizo wa hewa. Kikihisi kwamba chombo kinaporomoka au kimepinduka, kwanza hukata umeme wa mota ili mapanga yasije yakakata kamba za mwavuli, kisha husukuma mwavuli nje kwa nguvu ya springi au ya gesi, na hupiga king'ora kuwaonya walio chini. Sharti la kwanza ni kwamba kifaa hiki kiwe na betri yake na akili yake. Kikitegemea betri na ubongo wa droni yenyewe, vyote viwili vitakufa pamoja, na mfu hawezi kumwokoa mfu mwenziwe.

Lakini kununua si kufunga, na kufunga si kurekebisha. Nchi yetu ina tabia zake, na kifaa kilichorekebishwa kwa nchi tambarare iliyo kando ya bahari hakitatufaa vivyo hivyo. Ziwa letu liko zaidi ya mita 770 juu ya usawa wa bahari, na ukielekea Bururi nchi yapanda zaidi ya mita 1,000 kutoka hapo. Hewa ya juu ni nyepesi, kwa hiyo mwavuli ule ule humshusha mzigo kwa kasi zaidi. Tena, vifaa vingi huhesabu kimo kuanzia mahali droni iliporukia. Iliyorukia ufukweni ikafika milimani yaweza kudhani iko mita 1,000 angani, kumbe paa la nyumba liko mita 50 tu chini yake. Mwenye kupanga kimo cha usalama asiitazame namba hiyo pasipo kuitazama nchi.

Kuna pia upepo. Mchana huvuma kutoka ziwani kuelekea nchi kavu, na usiku huteremka kutoka milimani kuelekea ziwani. Mwavuli unaoshuka mita 5 kwa sekunde kutoka kimo cha mita 60 hukaa hewani sekunde 12. Upepo wa mita 8 kwa sekunde utausogeza karibu mita 100. Kwa hiyo njia ya droni haitoshi kuepuka soko, shule na mwalo wa samaki kwa hatua chache. Lazima iache nafasi ya kutosha upande ule upepo unaoelekea.

Wako watakaosema kwamba mwavuli ni gharama, na kwamba uzito wake hupunguza mzigo. Ni kweli. Wengine watasema heri droni iangukie ziwani, kwani huko hakuna mtu. Hao hawajalitazama ziwa usiku, taa za wavuvi wa ndagala zinapotapakaa majini kama mji mwingine. Dawa zipunguzwe kidogo katika kila safari, lakini mzigo wa hatari usihamishiwe kichwani mwa mvuvi ambaye hakuulizwa.

Wala kuwa na mwavuli si mwisho wa kazi. Huko Zurich nchini Uswisi, droni zilizokuwa zikibeba vipimo vya hospitali kwa ajili ya Posta ya nchi hiyo zilianguka mara mbili mwaka 2019. Mwezi Januari mwavuli ulifunguka na droni ikashuka ziwani pasipo kumdhuru mtu. Mwezi Mei mwavuli ulifunguka tena, lakini kamba yake ilikatika, na droni ikaanguka karibu na watoto waliokuwa wakicheza. Baada ya hapo kamba iliimarishwa na ikaongezwa ya pili. Ikiwa nchi yenye mafundi wengi kiasi hicho iliponzwa na kamba moja, sisi tuna haki gani ya kuamini karatasi ya muuzaji?

Kwa hiyo twaishauri Mamlaka ya Usafiri wa Anga na wote watakaohusika wasitoe kibali kwa kutazama picha za matangazo. Kila droni ijaribiwe mahali patupu, ikiwa na mzigo wake kamili, mota zizimwe ikiwa angani, na mwavuli uonekane ukifunguka mbele ya mashahidi. Kiwe na daftari lake kila kifaa: kimefungwa lini, kimejaribiwa lini, mwavuli umekunjwa upya na nani. Unyevu wa ziwa na vumbi la barabara havisamehe kitambaa kilichosahauliwa sandukuni. Na mafundi wa kazi hiyo wafundishwe hapa hapa, ili kifaa kisilale miezi kikimngoja mtaalamu kutoka ng'ambo.

Wananchi nao wana sehemu yao. Mtu akiikuta droni iliyoanguka, hata kama mwavuli wake haukufunguka, asiiguse wala asiwaache watoto waichezee, kwani springi au gesi yaweza kuwa bado imekazwa, na betri iliyopondeka yaweza kuwaka moto. Awatoe watu karibu, kisha atoe habari kwa viongozi wa mtaa au kwa askari waliopo.

Mwavuli hauondoi hatari yote. Droni ya kilo 10 inayoshuka kwa mwendo wa baiskeli bado yaweza kumwumiza mtu. Lakini kati ya kuumia na kufa pana tofauti kubwa, na tofauti hiyo huamuliwa katika sekunde 2 za kwanza, mwongozaji akiwa bado anashangaa. Tuzipokee droni kwa moyo mkunjufu, ila isiruke hata moja juu ya Rumonge kabla mwavuli wake haujajaribiwa mbele ya macho yetu.