Tusiseme Tena Kwamba Ni Simba

Dada zetu, na hasa nyinyi bibi harusi watarajiwa ambao vitambaa vya shela vipo mezani kwetu hapa Singida.

Sisi mafundi tunapenda filamu za upelelezi. Cherehani inazunguka, simu imeegemezwa kwenye boksi la nyuzi. Inayopendwa kuliko zote ni Memories of Murder ya mwaka 2003, ya Mkorea Bong Joon-ho, kuhusu askari wanaomsaka muuaji wa wanawake kijijini. Ni filamu nzuri. Tatizo ni mazungumzo yanayofuata: "Ndiyo maana mwanamke asitembee usiku." Kana kwamba muuaji ni mgeni aliyejificha shambani, na aliyelala ndani amesalimika.

Basi isikilizeni kesi yenyewe. Wanawake 10 waliuawa Hwaseong, Korea Kusini, kati ya 1986 na 1991. Muuaji alijulikana mwaka 2019 kwa vipimo vya vinasaba. Alikuwa wapi? Gerezani, tangu 1994, kwa kumbaka na kumuua ndugu wa mke wake. Yaani shemeji. Na kabla ya hapo polisi walikuwa wamemfunga mtu mwingine kwa moja ya mauaji yale. Alikaa ndani karibu miaka 20, na mahakama ikamsafisha mwaka 2020.

Wala hatuhitaji kwenda Korea. Hapa hapa Singida, kati ya 1946 na 1948, watu wengi waliuawa, maiti zikakutwa zimeraruliwa. Ilisemwa ni simba. Serikali ya Mwingereza ilipochunguza ikasema hao ni watu waliojifanya simba. Kesi zikaendeshwa, wapo walionyongwa. Neno "simba" lilitosha kufunga mazungumzo, kwa sababu simba hapelekwi mahakamani.

Na leo simba wetu ni nani? Mwanamke akiuawa, tunaambiwa "wivu wa mapenzi". Akivunjwa mkono, "ameteleza bafuni". Bibi kizee akikatwa mapanga kwa kuwa macho yake mekundu, tunanong'ona "mchawi", na moshi wa kuni wa miaka hamsini hatuutaji. Kila neno hapo linamfichia mtu mwenye jina, tena mara nyingi tunamjua na tunakula naye pilau.

Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa mwaka 2023 wanawake na wasichana wapatao 51,100 duniani waliuawa na waume, wapenzi au jamaa zao. Ni kama 140 kila siku, na Afrika ndiyo iliyoongoza.

Wapo watakaotujibu kwamba kusitiri aibu ya Muislamu ni ibada. Naam, kosa la mtu kati yake na Mola wake, msitirini. Lakini kipigo na damu ni haki ya aliyedhulumiwa, na huwezi kusamehe deni ambalo si lako. Suratun-Nisaa, aya ya 135, inatuamrisha kusimamia uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Haikusema isipokuwa mume wa dada.

Kwa hiyo tunasema na nyinyi makungwi na masomo. Mnamfunda binti siku nzima, mnamfundisha udi, mapishi, adabu na kuvumilia. Mwambieni pia kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, haimpi mume ruhusa ya kumpiga mkewe. Mwambieni kituo cha polisi kina Dawati la Jinsia na Watoto. Mwambieni ni nyumba gani atagonga saa nane za usiku na ikafunguliwa, bila kuulizwa kwanza "umemfanya nini?"

Nanyi mama wazazi, binti akirudi na jicho limevimba, msimrudishe kwa aibu ya mahari iliyokwisha kuliwa.

Filamu tutaendelea kutazama. Ila katika filamu mpelelezi hufika maiti ikiwa tayari imelala. Sisi majirani, mawifi na mafundi tunaopima miili ya wanawake na kuyaona makovu, tunafika kabla yake. Tukiona, tuulize. Tukiambiwa, tuamini, na tuitaje kwa jina lake.