Cheti Ukutani Hakizuii Ajali



Alizeti inapovunwa, mashine za kukamua mafuta hapa Kondoa hufanya kazi kutwa, na za kusaga unga vivyo hivyo. Ni riziki ya familia nyingi. Lakini ndani ya baadhi ya vibanda hivyo mkanda unazunguka wazi, kijana amejaa vumbi hadi kwenye kope, na mama aliyejifunga khanga anapita karibu akifuata unga wake. Kwetu sisi hili ni suala la afya ya familia, kama yalivyo malaria na maji machafu.

Wengi hudhani usalama kazini ni habari za makampuni makubwa. Ni kweli, kipo kiwango cha kimataifa, ISO 45001 cha mwaka 2018, ambacho kampuni hukifuata kwa hiari na kukaguliwa ili ipewe cheti. Sheria ya nchi, hata hivyo, si ya hiari. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Wakala uitwao OSHA, inamtaka mwajiri asajili mahali pa kazi, akinge mashine na awape wafanyakazi vifaa vya kujikinga. Mwenye wafanyakazi zaidi ya wanne anatakiwa kuteua mwakilishi wao wa usalama na afya.

Tusiishie kwenye karatasi. Cheti ukutani hakizuii mkanda kukamata khanga. Maana ya viwango hivi ni kuitafuta hatari kabla haijaumiza mtu, kuiondoa, kisha kukagua tena, na kuwasikiliza wanaoshinda na mashine. Vumbi la unga huweza kuleta pumu: kwanza zibeni panapovuja na fungueni madirisha, ndipo barakoa ifuate. Kelele za mashine huharibu masikio polepole, na usikivu ukishapotea kwa namna hiyo haurudi.

Wenye mashine watasema kipato ni kidogo. Tunawaelewa. Lakini wavu wa kukinga mkanda fundi wa kuchomelea wa hapa hapa anauweza. Mkono uliokatika hana fundi wa kuurudisha.

Kumbukumbu la Torati 22:8 humwagiza ajengaye nyumba aweke ukingo darini, asije akawa na hatia ya damu mtu akianguka. Naye Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake wa mwaka 1981 juu ya kazi, alitaja haki ya mfanyakazi ya kufanya kazi mahali pasipodhuru afya yake.

Basi tuanzie nyumbani. Kigango kinapojenga kanisa, nacho kina mafundi juu ya majukwaa ya mirunda. Tunapendekeza:

Kwanza, kamati ya ujenzi ikague jukwaa kila asubuhi, na asipande mtu bila kofia ngumu.

Pili, jumuiya ndogo ndogo ziwatembelee wanajumuiya wenye mashine na kuwashauri kwa upendo.

Tatu, wazazi wamuulize kijana anayeajiriwa: mashine ina kinga? Nani atakufundisha kuizima?

Tarehe 28 Aprili ni Siku ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi duniani, siku tatu tu kabla ya kumkumbuka Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Siku hizo zinafaa kwa ukaguzi huo. Mkanda ulio wazi, lakini, ufunikwe leo.