Kitabu Kisiwe Adhabu

Wazazi wengi hulipa karo kwa taabu kubwa; wengine huuza mbuzi au magunia ya mahindi ili watoto wao wapate elimu. Lakini yafaa kuuliza: mtoto huyo akiisha kumaliza darasa la mwisho, je, atafungua kitabu tena? Wako vijana wengi ambao siku waliyopokea hati ya mtihani ndiyo siku waliyoviaga vitabu. Kusoma walijua, ila hawakupata kupenda kusoma. Ujuzi usiotumika huota kutu kama jembe lililoachwa mvuani, na baada ya miaka mtu yule yule hutia sahihi karatasi ya shamba asiyoisoma, au humpa ng'ombe dawa kwa kubahatisha.

Sababu yake yaonekana. Katika nyumba nyingi mtoto hulisikia neno kitabu pamoja na neno mtihani, na pengine pamoja na fimbo. Akikosea neno moja hukaripiwa. Akisoma hadithi ya kuchekesha huambiwa aache upuzi ashike masomo. Basi hujifunza kwamba kitabu ni kazi ya shokoa.

Kumbe mtoto hakuanza kupenda hadithi shuleni. Mzee alipoita "Paukwa!" na watoto wakaitikia "Pakawa!", hakuna aliyelazimishwa kuketi. Hila za Sungura na vituko vya Abunuwasi vimo vitabuni vile vile. Mtoto akijua kwamba Abunuwasi aliyesimuliwa karibu na moto yumo pia kitabuni, atakitafuta mwenyewe. Kwa hiyo na aanzie hadithi zimpendezazo, katika lugha anayoielewa vema. Vitabu vigumu vitafuata.

Mzazi asiyejua kusoma asidhani kwamba hana la kufanya. Jioni, kazi ya ng'ombe na kuni ikiisha, amwite mtoto amwambie, "Hebu nisomee hadithi hiyo." Robo saa yatosha. Asikilize mpaka mwisho, acheke panapochekesha, aulize, "Kisha ikawaje?" Mtoto akikwama, angojewe. Mtoto anayesikilizwa na bibi yake hujiona kuwa ana kitu cha kuwapa wakubwa, na kesho yake hataki kuitwa mara mbili.

Wengine husema, "Vitabu ni ghali, na maktaba iko mbali." Ni kweli, lakini umbali umepata kushindwa zamani. East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwaka 1948, ilipeleka vitabu mashambani kwa visanduku, na wasomaji wengine iliwaazima kwa posta. Mwaka 1996 shirika la maktaba za taifa la Kenya lilianza kuwapakia ngamia vitabu huko Garissa, viwafikie watoto wa wafugaji wanaohamahama.

Kijijini hahitajiki hata ngamia. Nyumba 10 zikinunua kila moja kitabu kimoja cha hadithi, na kubadilishana kila baada ya majuma mawili, kila mtoto atakuwa amesoma vitabu 10 kabla ya miezi mitano kwisha. Sanduku moja lisiloingia mchwa, daftari la kuandika majina ya walioazima, na mtu mmoja mwaminifu wa kulitunza: hayo yatosha kuanza.