Mnatudai Ushahidi, Halafu Hamtaki Kuusikia

Vijana wenzetu, na nyinyi mnaofanya kazi za misaada hapa Kakuma:

Kila tukilalamika tunaambiwa: "Kama uko na ushahidi, leta." Sawa. Mtu ameitishwa pesa ili jina lake liingie kwenye listi. Dada ameambiwa kazi ipo, ila aje jioni, peke yake. Nani anaandika maneno kama hayo kwenye karatasi? Anayeitisha hongo hatoi risiti. Mlango umefungwa, shahidi hakuna, kimebaki simu mfukoni. Siku tunaileta hiyo simu, wimbo unabadilika: "Kurekodi mtu kwa siri ni kosa, utafungwa wewe."

Huko ni kutishana tu. Ni kweli kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinalinda faragha. Lakini kifungu cha 50(4) kinasema ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki utaondolewa kama utafanya kesi isiwe ya haki, au utaharibu utoaji wa haki. Soma hilo neno "kama". Anayepima ni hakimu. Si askari wa getini, si karani wa ofisi.

Na hatusemi mambo ya kuota. Mwaka 2001 uchunguzi wa Umoja wa Mataifa wenyewe uligundua mtandao uliowatoza wakimbizi pesa Nairobi ili wapelekwe nchi za mbali. Huduma hiyo ni bure.

Mtasema: faragha. Faragha ya nani? Mtu akitumia kiti cha kazi kutuuzia kitu cha bure, hayo si mambo ya chumbani kwake. Maneno tuliambiwa sisi, masikio ni yetu. Kuficha simu kwa jirani usikilize ugomvi wa mke na mume, hapo hatuko. Na kumrekodi rafiki ili umtoe pesa ni wizi uleule tunaoupinga.

Mtasema siku hizi kompyuta inaiga sauti ya mtu. Kweli kabisa. Basi chunguzeni simu, msikatae kusikiliza. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka cheti kinachoeleza rekodi ilitengenezwa vipi na kwa kifaa gani.

Kwa hiyo vijana, tusiharibu kesi kwa mikono yetu. Usiikate rekodi. Usiuze simu hiyo. Andika tarehe, saa, mahali na nani alikuwepo. Usiirushe kwenye grupu la WhatsApp: unamwamsha mwizi, na unajiweka hatarini bure. Tafuta kwanza wakili anayesaidia wakimbizi bila malipo.

Nanyi wa mashirika: pokeeni rekodi, andikeni kwamba mmeipokea, mpeni mwenyewe nakala ya hayo maandishi. Kisha ipelekeni kwa wachunguzi, isirudi kwa bosi wa yule yule aliyerekodiwa. Sheria ya Hongo ya 2016 inasema ni kosa kumtisha au kumnyanyasa aliyetoa taarifa ya hongo. Anayemwambia mkimbizi "futa hiyo kitu" aikumbuke sheria hiyo kabla hajafungua mdomo.

Sisi hatuna mjomba ofisini. Tuna simu zenye kioo kilichopasuka na maneno tuliyoambiwa. Sikilizeni kwanza, halafu tubishane.