Ugali Niliouita Polenta

Novemba yangu ya kwanza mjini Padova nilisema uongo ambao bado unanikera. Darasa letu liliandaa karamu, kila mwanafunzi aje na chakula cha kwao. Nilisonga ugali wa unga mweupe, nikaumwaga kwenye ubao, nikaukata vipande, kisha nikaandika kwenye karatasi: polenta bianca. Uliisha wote. Kijana mmoja mwenyeji aliniuliza nimejifunzia wapi, nikamjibu kwamba kwetu Njombe kuna baridi kali na tunapenda chakula cha moto. Hilo lilikuwa kweli. Ila neno ugali halikunitoka mdomoni.

Nilijua ninachofanya. Nilikuwa nimeona jinsi jina linavyopandisha bei ya unga. Kaskazini mwa Italia, miezi ukungu wa bonde la mto Po unapomeza hata taa za barabarani, utakutana na maneno haya vitabuni, kwenye menyu na kwenye video za mapishi zenye meza ya mbao iliyochakaa vizuri: cucina povera, yaani upishi wa kimaskini. Wanamaanisha polenta, supu ya maharage na tambi, ribollita ya Toscana. Ni vyakula vitamu, sina ubishi. Mimi mwenyewe huvipika tangu Oktoba mpaka Machi. Ninachokikataa ni ile hadithi inayoletwa pamoja na sahani, kwamba mkulima wa zamani alikuwa na kidogo lakini alikula vizuri kuliko sisi. Hakula vizuri. Aliugua kwa kula polenta hiyo hiyo.

Mahindi yalifika Italia karne ya 16 kutoka Amerika, na mashamba ya Veneto na Lombardia yakayapokea kwa mikono miwili kwa sababu yalizaa sana. Mwenye shamba aliyapenda zaidi kuliko yeyote. Ngano ilikwenda kwake au sokoni kulipia kodi, mkulima akabaki na mahindi. Wakati wa baridi, bustani ikiwa imeganda na ghala limebaki na kitu kimoja tu, polenta ililiwa asubuhi, mchana na usiku. Majira ya kuchipua, jua liliporudi, ngozi za watu zilianza kubabuka mikononi na shingoni. Kisha kuhara. Kisha akili kuyumba. Mwaka 1771 daktari wa Milano, Francesco Frapolli, aliuita ugonjwa huo pelagra, kutokana na maneno ya watu wenyewe: ngozi iliyokwaruza. Hesabu ya mwaka 1881 ilikuta wagonjwa zaidi ya 100,000 nchini Italia. Waliopoteza akili walipelekwa hospitali za wendawazimu, na kwa watu wa Veneto mojawapo ilikuwa kisiwani San Servolo, mbele kabisa ya Venezia.

Mahindi yenyewe hayakuwa sumu. Wenyeji wa Meksiko walikuwa wakiyachemsha kwa chokaa au majivu tangu zamani za kale, na kwa kufanya hivyo walifungua ile vitamini iitwayo niasini ambayo ndani ya punje imefungwa. Wazungu walichukua mbegu, wakauacha ujuzi. Hata hivyo maharage, maziwa au kipande cha nyama mara kwa mara vingetosha kuwaokoa watu wale. Walikosa mboga, basi. Msomaji aliyekulia kwenye ugali anajua uzito wa sentensi hiyo bila kuelezwa.

Veneto bado wanasimulia kuhusu samaki mmoja wa chumvi aliyetundikwa kwa uzi juu ya meza, kila mmoja akimgusisha kipande chake cha polenta ili kipate ladha, samaki mwenyewe haliwi. Wageni hucheka wakisikia. Mimi nilimkumbuka Abunuwasi na yule maskini aliyekula chakula chake kwa harufu ya nyama ya tajiri, akadaiwa fedha. Yeye angalau alimpata wa kumtetea.

Mama mwenye nyumba niliyopanga ana zaidi ya miaka 80. Nilimpelekea polenta mara moja tu, nikidhani nampa heshima. Aliitazama, akasogeza sahani taratibu. "Mwanangu, mimi nilishakula ya maisha yote nikiwa mtoto. Niletee wali." Siku nyingine, tukimenya viazi, alisema bibi yake alipelekwa kisiwani na hakurudi. Hakuendelea, nami sikumuuliza. Sasa niambie nimsomee yeye zile sifa za upishi wa kimaskini.

Najua nitaambiwa kwamba vyakula vingi bora duniani vilitoka majikoni mwa wasionacho. Nakubali nusu. Ustadi ulikuwepo, na ulikuwa wa wanawake ambao hakuna aliyewaandika. Pellegrino Artusi, anayesifiwa kama baba wa upishi wa nyumbani Italia, alichapisha kitabu chake mwaka 1891 kwa gharama yake, na aliwaandikia watu wa mjini wenye nafasi. Ni miaka 10 tu baada ya ile hesabu ya wagonjwa. Tena tazama kinachowekwa leo juu ya hiyo polenta ya kijijini: soseji, uyoga, jibini la gorgonzola, mchuzi wa nyama uliochemka saa tatu. Hicho ni chakula cha sikukuu. Tunakula Krismasi ya mkulima, halafu tunaiita Jumatano yake.

Kwa hiyo tupike, ila tupike kwa ukweli. Ribollita maana yake ni iliyochemshwa tena. Sisi tuna neno lake: kiporo. Ni supu ya jana ya maharage meupe, karoti, vitunguu na cavolo nero, ile sukuma wiki nyeusi ya Toscana ambayo wapishi wa huko wanapenda ivunwe baada ya baridi kuipiga, ikatiwa mkate mkavu usio na chumvi na kurudishwa motoni mpaka kijiko kisimame. Kuna watu wananunua mkate wa leo asubuhi, wanaukausha kwenye oveni ili ufanane na wa juzi, kisha wanajisifu kwa kutotupa chakula. Nimekula kwenye meza ya namna hiyo na kushukuru kwa adabu. Kama huna kiporo, pika supu na uiite supu.

Na polenta koroga dakika 40, moto mdogo, upande wowote unaotaka. Habari ya kuzungusha mwiko upande mmoja tu mimi siiamini. Maji yawe mara nne ya unga au zaidi. Kisha weka mboga. Weka maharage. Ukishashiba, usiniambie kwamba maskini walikuwa na bahati.

Novemba iliyofuata karamu ilifanyika tena. Nilisonga unga ule ule, nikaukata kwenye ubao ule ule, nikaweka maharage ya nazi pembeni, na kwenye karatasi nikaandika ugali. Watu wachache walionja. Mmoja aliniambia, kwa nia njema kabisa, kwamba unafanana na polenta ila haujachangamka. Nilirudi nyumbani na zaidi ya nusu. Asubuhi, dirisha likiwa jeupe kwa ukungu, nilikibanika kiporo chake kwenye kikaango kikavu mpaka kikafanya gamba. Mama mwenye nyumba alisikia harufu, akaja mlangoni, akauliza ni nini. Nikamwambia. Alivuta kiti, akaomba chai tu.