Filamu ambazo steringi hufa

Kila mtoto aliyekulia karibu na kibanda cha video, awe wa Kangemi, Uthiru au Kinoo, anaijua sheria moja: steringi, yaani shujaa wa filamu, hafi. Atafungwa kamba, atapigwa risasi ya bega, atatupwa mtoni, lakini kabla filamu haijaisha atakuwa amesimama juu ya adui yake. DJ Afro amejijengea jina kwa kuzisimulia filamu za mapigano kwa Kiswahili na Sheng, na sauti yake huifanya sheria hiyo kuwa tamu zaidi. Sina ugomvi na utamu huo. Ninachodai ni kwamba filamu za Kenya zilizofanya kazi nzito kuliko zote tangu vurugu za uchaguzi wa 2007 ni zile zilizothubutu kuivunja sheria hiyo na kutuacha tukae na msiba hadi mwisho. Filamu hizo hatujazipa nafasi zinayostahili, na tunapozitazama tunakimbilia kuuliza funzo ni nini kabla hatujajiuliza wahusika wanaumwa wapi.

Chukua Supa Modo ya Likarion Wainaina, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Berlin mwaka 2018. Jo, msichana wa miaka 9 anayependa mno filamu za mashujaa, anarudishwa nyumbani kutoka hospitalini kwa kuwa ugonjwa wake hauna tena tiba. Dada yake Mwix anawashawishi wanakijiji waigize mbele yake, ili aamini kwamba ana nguvu za ajabu. Anayeishia hapo ataiona kama filamu ya watoto. Lakini yupo pia mama, mkunga aliyezoea kupokea watoto wa wenzake, anayetaka wake alale kitandani asijichoshe. Ni rahisi kumwona mkali. Ukimtazama vizuri utagundua kwamba ameshaanza kumwombolezea mtu ambaye bado anapumua, na hana pa kuyaweka majonzi hayo isipokuwa katika kazi ya kuuguza. Mwix naye anaukimbia ukweli uleule kwa njia ya mchezo. Wote wawili wanampenda mtoto, na kila mmoja anaona mwenzake anamkosea. Nyumba nyingi zilizouguza mgonjwa wa saratani zinaujua ugomvi huo: hugombania dawa, chakula na wageni, kumbe kinachowatisha ni kifo ambacho hakuna anayetaka kukitaja. Filamu hii inakitaja, na inafanya hivyo bila mhubiri na bila daktari wa kutoa maelezo marefu.

Uzito wa kazi hii unaonekana zaidi kwenye jeraha la taifa zima. Tume ya Jaji Philip Waki ilirekodi vifo 1,133 katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Huku kwetu, Tigoni, kituo cha polisi kiligeuka kambi ya waliofurushwa. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilimkabidhi Rais ripoti yake Mei 2013, lakini Bunge halikuipitisha. Mwaka huohuo Judy Kibinge alitoa Something Necessary. Anne, muuguzi ambaye mumewe ameuawa na shamba lake kuharibiwa, anazinduka hospitalini akiwa na nia moja, kuijenga upya nyumba yake. Joseph, kijana aliyekuwa katika genge la wavamizi, hana amani kwa alilolitenda. Kibinge anatulazimisha kuwafuata wote wawili. Hamsafishi Joseph, wala hamfanyi adui wa kibanda cha video ambaye tunamsubiri afe ili tushangilie. Kwa Anne, kila jiwe linalorudishwa mahali pake ni njia ya kuahirisha maumivu ambayo hawezi kuyatamka. Mbithi Masya alikwenda mbali zaidi katika Kati Kati ya mwaka 2016: wakazi wote wa hoteli yake ya nyikani wameshakufa, na mmoja wao ni kasisi anayetafunwa na hatia inayotokana na ghasia hizohizo. Hakuna tume iliyowahi kuandika jinsi hatia inavyokaa ndani ya mtu kwa miaka. Filamu hizi zimeionyesha.

Kuna wanaosema kwamba mtu aliyesimama kwenye matatu tangu mjini hadi Kinoo anastahili kucheka jioni, hastahili kulizwa. Nakubali anastahili kucheka. Lakini mtu huyohuyo hutoka kazini akaenda kwenye matanga, hulia kanisani, husikiliza nyimbo za majonzi kwa hiari yake. Kusema kwamba mambo mazito ya moyo ni ya wasomi pekee ni kumdharau. Pingamizi zito zaidi ni kwamba filamu hufungua kidonda bila mganga karibu. Hilo ni kweli, na aliyeshambuliwa mwaka 2008 hapaswi kuketishwa mbele ya Something Necessary kisha aachwe arudi nyumbani peke yake. Hiyo ni sababu ya kuwa naye wakati wa kuitazama na baada yake, si sababu ya kuifungia filamu kabatini.

Wengine hukumbusha kwamba filamu zote tatu zilizaliwa katika mradi wa One Fine Day, ulioanzishwa na Wajerumani, na kwamba Kati Kati ilipata tuzo ya wahakiki Toronto kabla Wakenya wengi hawajaisikia. Fedha zilitoka nje, sawa. Hata hivyo walioongoza na kuigiza ni watu wa hapa, na maiti wanaozungumziwa ni wetu. Kasoro iko kwenye usambazaji: majumba ya sinema ya Westlands na Barabara ya Ngong huzionyesha kwa muda mfupi, kwa bei isiyomfaa mpangaji wa Kinoo, kisha hupotea. Kumbi za makanisa na shule zipo, projekta zipo, na wapo wachungaji, walimu na washauri nasaha wanaoweza kukaa na watazamaji taa zikiwashwa. Kampeni za 2027 zitakapopamba moto, magari yenye vipaza sauti yatapita Waiyaki Way kutukumbusha nani ni wetu na nani si wetu. Something Necessary ionyeshwe kabla hayajafika, na vijana wa rika la Joseph wawe wa kwanza kualikwa.